Mama Hedi na Maji ya Silinda ya Nne

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa ya kawaida, mke wangu alinigombeza kwa sababu ya sabuni. Niliiacha ndani ya beseni ikayeyuka. Akasema, "Mzee wangu, sabuni si mgeni. Huwezi kuiacha ioge mpaka itosheke."

Nikacheka. Akanimiminia chai, akakaa kwenye kigoda chake, akawa anachokonoa weusi wa kucha kwa njiti ya kiberiti. Weusi ule haukuisha maisha yake yote. Hata siku tuliyofunga ndoa ulikuwepo, umejificha chini ya hina.

Tukanywa chai bila kusema. Mimi si mtu wa maneno. Yeye alikuwa nayo, ila asubuhi aliyaweka akiba. Kisha tukasikia honi ya gari la shemeji nje, na asubuhi ikaishia hapo. Baada ya hapo kikaja kichwa cha injini, zikaja mbio, kikaja kitanda cha hospitali. Asubuhi nyingine kama ile hatukuipata.

Watu walimwita Mama Hedi. Kile chuma kinachokaa juu ya pistoni, chenye vali, mafundi wanakiita silinda hedi. Ndani yake kuna njia za maji, zimepinda kama mashimo ya panya. Maji yakipita, chuma kinavumilia moto. Yakisimama, yanachemka palepale yaliposimama, na chuma kinapinda au kinapasuka. Kazi ya mke wangu ilikuwa kuyafanya maji yapite. Waliomtafuta zaidi ni wenye magari ya mbio, maana moto wa magari yale si wa mchezo.

Hakusomea. Alianza kwa kuosha hedi kwa mafuta ya taa katika karakana ya mjomba wake, msichana mwenye mikono midogo inayoingia kila mahali. Ukiosha kitu miaka na miaka unakijua tumbo lake. Mimi nilikuwa fundi wa rejeta, zile zinazopoza maji ya injini, mtaa wa pili. Tulijuana kwa ugomvi. Aliniletea rejeta niliyoilehemu, akaijaza maji mbele ya wateja wangu, ikavuja kama ungo. Akaniuliza, "Fundi, hii uliitengeneza au uliitoboa?" Wateja wakaangua kicheko. Nikajua huyu ama nitamwoa, ama nitahama mtaa.

Sikuhama.

Sasa shemeji. Ni mdogo wake, wa mwisho kwao, mwenye gereji na mwenye gari la mbio. Anayeliendesha ni binti yetu. Ndiye mtoto wetu pekee. Msimu uliopita, kwenye kona ya machimbo ya mawe, injini ilikaza akiwa kwenye mwendo. Magurudumu yakagoma, gari likaacha njia, likajigonga ukingoni. Binti akavunjika mtulinga. Walipofungua injini, hedi ilikuwa imepasuka kwenye silinda ya nne, katikati ya vali.

Asubuhi ile shemeji aliingia na mzigo umefungwa kwa gunia, binti nyuma yake.

"Shikamoo dada. Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umebeba mtoto wa nani?"

"Nimeipata, dada. Hedi nzima. Nimezunguka machinjio yote ya magari, hakuna nyingine kama hii. Hii ndiyo ya mwisho."

Akaiweka mezani, vikombe vikaruka. Mke wangu akaigeuza. Akapuliza kwenye tundu za mbele, akaweka kiganja nyuma kusikia pumzi yake inatokea wapi. Akarudia.

"Hii ni ileile," akasema.

"Ileile vipi? Ile ilipasuka. Hii nzima."

"Ni nzima kwa sababu hujaiua bado."

Akamwonyesha. Pampu iko mbele. Maji yanaingilia mbele, na mlango wa kutokea nao uko mbele. Silinda ya kwanza inashiba, ya pili inashiba, ya nne, ya nyuma kabisa, inapata makombo. Gari la kwenda sokoni linaweza kuishi hivyo. Lakini shemeji alikuwa ameifunga tabo, ile inayoshindilia hewa, moto ukawa maradufu. Na makombo yakabaki makombo.

"Nipe mpaka mwezi ujao," mke wangu akasema.

"Mbio ni Jumapili hii, dada."

"Basi asiendeshe."

Binti alikuwa ameegemea mlango, mkono mmoja unapapasa mtulinga. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mama, ikifungwa hivihivi nitaendesha. Ukiirekebisha nitaendesha vilevile. Nisipopita kona ile sasa, sitaipita tena maishani. Chagua wewe."

Mama yake akamtazama. "Kichwa kigumu hiki umekirithi kwa nani?"

"Dada," shemeji akasema, "swali hilo halitaki jibu, linataka kioo."

Hakuna aliyecheka. Mtu mzima hafungwi kamba. Binti angepanda gari lile Jumapili, tukitaka tusitake, na kati yake na kona ile kulikuwa na maji tu.

Mke wangu akavaa ovaroli juu ya gauni.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Hedi ina vizibo vya duara pembeni na nyuma. Aliving'oa, akaweka vioo vya tochi mahali pake, akavizungushia mpira visivuje. Akaifunga hedi juu ya bloku kuukuu, kile kiwiliwili cha injini, tuliyokuwa nayo nyuma ya nyumba, akaunganisha pipa la maji na pampu inayozungushwa na mota ya mashine ya kufulia. Halafu akamimina ndani ya pipa majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Alikuwa akiyakusanya kwenye kopo, na ole wako uyamwage. Mota ikiwaka, unaona majani yanavyosafiri nyuma ya kioo. Yanapokimbia, maji yanakimbia. Yanapotulia, hapo ndipo chuma kitakapopasuka.

Tukaangalia. Vioo vya mbele, majani yanapita mbio. Kioo cha nyuma, yametulia kama wazee barazani.

"Umeona?" akamwambia mdogo wake.

"Nimeona. Endelea na mambo yako."

Akakata vizibo vidogo vya shaba, akavipigilia kwenye tundu za mbele na za katikati kuzipunguza. Tundu za nyuma akazipanua. Akanipa mimi kazi ya mrija: wa shaba, kutoka mgongoni mwa hedi hadi kwenye nyumba ya thamostati mbele, ili maji ya nyuma nayo yapate mlango wa kutokea. Thamostati ni kile kikoki kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto. Nikaulehemu mrija ule kama naulehemu mkono wa mtoto.

Iliyobaki ilikuwa njia nyembamba kati ya vali za silinda ya nne. Chuma pale ni chembamba. Drili ikienda upande kidogo inatokea kwenye njia ya moshi, na hedi ya mwisho inakuwa sufuria. Akaifunga hedi kwenye jiliwa, akaifunika kwa tambara ili isikwaruzike. Akasema hataki mtu aongee. Shemeji akatoka nje kabisa, maana yeye kunyamaza hawezi.

Alitoboa kwa mkono. Anazungusha kidogo, anatoa drili, anapuliza, anaweka sindano ya kushonea magunia kupima kina, anazungusha tena. Mimi nilishika taa. Nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo ingawa kulikuwa na upepo. Akaacha kuzungusha, akaweka mkono wa kushoto chini ya titi.

"Nini?" nikauliza.

"Gesi. Shika taa vizuri."

"Twende hospitali."

"Baada ya Jumapili. Mzee wangu, taa."

Nikashika taa. Niseme hili sasa ili nisilirudie: alikufa wiki iliyofuata mbio zile. Moyo. Daktari alisema ulikuwa umechoka siku nyingi.

Drili ikatokeza mahali pake. Akapitisha waya, ukapita. Akamwita mdogo wake. Tukafunga hedi juu ya bloku tena, tukaweka vioo, majani, mota. Kioo cha nyuma, majani yakapita mbio. Mke wangu akapiga kofi moja tu, la mikono yenye grisi. Binti akamkumbatia.

Shemeji hakusogea. Alikuwa amechuchumaa kwenye kioo cha katikati, cha silinda ya pili.

"Dada. Njoo uone hawa."

"Hawa nani?"

"Hawa wako wa hapa. Wanacheza tu, hawaendi."

Akainama. Mimi nikainama. Ni kweli. Majani yalikuwa yanazunguka palepale, yanazunguka, yanazunguka, hayatoki. Alikuwa amezikaba mno tundu za katikati. Alimshibisha wa nyuma kwa kumnyang'anya wa katikati.

Mke wangu akapangusa kioo kwa kidole, akatazama tena. Ijumaa ilikuwa inaisha. Kesho yake injini ilitakiwa iwe ndani ya gari.

"Umeona vizuri," akamwambia mdogo wake. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akimwambia hivyo. Shemeji mwenyewe alitazama pembeni kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka.

"Tufungue tena?" akauliza.

"Kwani ulitaka tuiombee?"

Tukafungua. Akazitoboa zile shaba za katikati, kitundu kidogo kila moja. Tukafunga, tukatazama. Akafungua tena, akapanua moja. Mikono yetu ilikuwa imekatika. Binti akatuletea mkate tukala tumesimama. Mwisho majani yakapita kila kioo, si mbio sana, si polepole, kama watu wanaokwenda kazini na muda bado upo. Akaitazama mota ile mpaka ikaanza kunuka. Ndipo akasema, "Haya. Ifungeni kwenye gari."

Jumapili tulifika mapema. Barabara ya mbio inazunguka kilima na kurudi palepale ilipoanzia. Magari yanakwenda moja moja. Kona ya machimbo iko nyuma ya kilima, huioni, unasikia mlio tu, tena ukiwa na bahati ya upepo.

Binti alikuwa amekwisha kuvaa helmeti. Gari likawashwa. Mke wangu akafanya kama afanyavyo siku zote, akaushika mpira wa juu, ule unaotoka injini kwenda kwenye rejeta. Thamostati inapokuwepo, mpira ule unabaki baridi mpaka injini ipate joto lake. Akaushika. Ulikuwa umeshapata joto. Akauachia. Akaushika tena. Akamgeukia mdogo wake na uso ambao sikuupenda.

"Thamostati iko wapi?"

"Dada..."

"Nimeuliza iko wapi."

"Nimeitoa asubuhi. Sasa si joto ndilo tunaloliogopa? Kila mtu anaitoa! Inaziba maji bure. Nimeona niyape uhuru."

"Uhuru!" Akashika kichwa. "Maji ukiyapa uhuru yanakwenda njia ya mkato. Ile ndiyo inayoyakaba yajae kila kona. Vitundu vyangu vyote nimevipima nayo ikiwepo. Umeitoa, kona zitabaki na mvuke mtupu. Zima gari! Mwanangu, zima!"

Binti akazima. Mbele yetu kulikuwa na magari machache kwenye foleni.

"Umeitupa wapi?"

Shemeji akaingiza mkono mfukoni, akaitoa, imechanganyika na funguo na pipi. "Sikuitupa."

"Angalau."

Kuirudisha si kazi kubwa ukiwa gereji. Pale ilikuwa kazi kubwa. Tukamwaga maji kidogo, tukafungua bolti mbili za nyumba yake, na karatasi ya katikati inayozuia kuvuja ikachanika. Nyingine hatuna. Gari la mbele likaondoka, vumbi likatufunika. Nikachukua boksi la filta, nikalichana, nikalilaza juu ya chuma, nikaanza kugonga kingo zake kwa nyundo ndogo mpaka chuma chenyewe kikakata umbo lake kwenye boksi. Ndivyo tulivyofundishwa zamani. Mikono yangu ni mizee lakini kazi hiyo inaikumbuka.

"Baba, haraka," binti akasema ndani ya helmeti.

"Haraka itavuja."

Mke wangu akaiweka thamostati, akaweka karatasi yangu, akaingiza bolti ya kwanza. Spana ikamteleza. Akajaribu tena, ikateleza. Nikaona midomo yake imebadilika rangi. Akasimama wima, akampa mdogo wake spana. Spana yake hakuwahi kumpa mtu.

"Funga wewe."

Shemeji aliipokea kwa mikono miwili.

"Taratibu. Hiyo ni aluminiamu, ukikaza kwa hasira uzi unakatika, tunarudi nyumbani. Hapo. Nyingine. Hapo. Basi, acha!"

Mwenye bendera akaja anapunga. "Namba hii, ingieni au mtoke!"

"Tunaingia," binti akasema.

"Haingii," mke wangu akasema, "mpaka hewa itoke."

"Mama, nitatolewa!"

"Utolewe na bendera au utolewe na jeneza, chagua wewe."

Mwenye bendera akaishusha bendera yake. Binti akawasha tena, shemeji akamimina maji kwenye rejeta, mimi nikalegeza kiungo cha mrija wangu wa nyuma. Povu likatoka. Likaendelea kutoka. Injini inawaka, watu wanapiga honi nyuma yetu, mmoja anauliza kama tunaogesha gari au tunashindana. Shemeji akamjibu kwamba la kwake linanuka hata kabla ya kuwashwa. Povu likapungua. Yakaja maji, yakakata, yakaja tena bila povu hata moja. Nikakaza. Mke wangu akaushika mpira wa juu. Ulikuwa baridi.

Akasogea dirishani. Sikusikia alichomwambia binti, na binti hakuwahi kuniambia. Gari likaingia kwenye mstari, likaondoka.

Tulisimama sisi watatu. Mlio ukapanda, gia ya pili, ya tatu, ukaanza kuzungukia kilima. Shemeji alikuwa amevua kofia anaitafuna ukingo. Mke wangu alifumba macho. Mlio ukawa mwembamba. Kisha ukapotea.

Pale ndipo ilipo kona.

Jirani zetu walikuwa wanabishana kuhusu matairi. Nikamshika mke wangu mkono, ulikuwa na baridi kama ule mpira. Tulisikiliza. Mbwa alibweka mahali. Shemeji akasema, "Dada, imezimika?" Akamvuta mkono wa nguo. "Dada, imezimika eti?"

"Kelele," akasema. "Inashuka gia."

Mimi sikusikia kitu. Alisikia yeye. Halafu na mimi nikasikia, chini kabisa, kama nyuki ndani ya chupa, kisha kwa sauti, kisha gari likatokeza upande wa pili wa kilima likiwa limenyooka, na hakuna moshi mweupe wa hedi iliyopasuka nyuma yake. Shemeji akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

Alikuwa wa ngapi siku ile, niliambiwa, sikukariri.

Gari likavuka mstari na kusimama mbele yetu. Watu wakalizunguka, wanapiga mabati kwa viganja, wanamwita binti atoke nje. Joto lilikuwa linapanda juu ya boneti mpaka kilima kikaonekana kinatetemeka. Binti akavua helmeti, anacheka na kulia, akapeleka mkono kwenye ufunguo. Mke wangu alikuwa amekwisha kufika. Sijui alipitaje katikati ya watu wale na kifua kile. Akaingiza mkono dirishani, akaukamata mkono wa mtoto wake, akasema:

"Usizime, mwanangu. Moto bado umo ndani. Iache ingurume polepole, maji yamalize kuzunguka."